Uzi wa Nne

Mpiga gitaa yeyote, awe bingwa awe kilaza, sauti ikikatika kitu cha kwanza anashika jeki, pale waya unapochomekwa kwenye gitaa. Hajaangalia kama spika imewashwa, hajaangalia kama umeme upo, tayari ameinama anaitikisa jeki huku na huko kama mtu anayehangaika na kitasa cha choo. Nimekuwa fundi wa vyombo hapa Morogoro tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na naweza kuapa kwamba tatizo karibu siku zote liko kwingine. Lakini nenda kamwambie mpiga gitaa.

Nurdini Mchopa alikuwa ameinama hivyo hivyo nilipoingia sebuleni kwake.

"Fundi, hii jeki feki," alisema, bila hata salamu.

"Habari za asubuhi, bosi."

"Jeki. Angalia jeki."

Sikuiangalia. Niliangalia magitaa yaliyotundikwa ukuta mzima, yote yanang'aa, hakuna hata moja lililowahi kudondokewa na jasho la mtu.

Nurdini alitajirika kwa kuuza mvua. Ukimlipa, ndege zake ndogo zinapanda Uluguru kukamua mawingu, na maji yanaangukia shamba lako badala ya la jirani. Jirani naye akiyataka, alipe zaidi. Mtu aliyeweza kuuza mvua haoni kwa nini ashindwe kununua kipaji, kwa hiyo akanunua. Alinunua mkono wa Gaspari Kobelo, na mkono wenyewe ulikuwa pale mezani, kati ya bakuli la korosho na rimoti, ndani ya sanduku jeusi lenye ukubwa wa mkate.

Sanduku hilo ni sintesaiza ya gitaa. Sisi mafundi tunaiita sinta. Zile za zamani zilikuwa na adabu. Unafunga kinasa chenye macho sita chini ya nyuzi, kila uzi na jicho lake. Uzi ukitikisika, sanduku linahesabu mtikisiko, linajua umepiga sauti gani, na linakurudishia sauti hiyo hiyo kwa filimbi au tarumbeta. Ukipiga ovyo, inatoka filimbi ya ovyo. Sinta za siku hizi zinarudisha mtu. Kampuni ya Mkonohai inakusanya rekodi zote za mpigaji, inachambua anavyochelewa, anavyokwaruza, anavyoruka kutoka uzi huu kwenda ule, halafu inamfunga humo ndani. Mnunuzi kazi yake ni kupapasa nyuzi tu. Anayesikika ni Kobelo.

Na kwa Sheria ya Mikono, Kobelo sasa ni mali ya Nurdini. Kila amplifaya inayouzwa nchini ina kidude ndani kinachoitwa mlinzi. Kikisikia mkono uliosajiliwa unapigwa na mtu asiyeumiliki, kinazima sauti, hata kama mtu huyo ndiye aliyezaliwa nao. Hakuna aliyemlazimisha Kobelo kuuza. Walimwambia, "Mzee, utapigwa hata ukishakufa," akasaini huku anacheka. Msanii ukimwahidi kukumbukwa atakupa hata figo.

"Tangu jana inarukaruka," Nurdini alisema. "Nina hafla Jumapili. Watu wakubwa wanakuja."

Pembeni alikaa Dada Wende, afisa wa Mkonohai, amevaa beji kubwa kuliko maarifa yake. "Mfumo hauna kosa, Mama," aliniambia. "Tumeupima makao makuu. Tunadhani changamoto iko upande wa mtumiaji."

"Dada anamaanisha hujui kupiga, bosi," nilimfafanulia.

Nikaanza na yale yanayotakiwa kuanza nayo. Kinasa alikuwa amekigandisha upande, mbali na nyuzi, wakati nafasi inayotakiwa ni unene wa sarafu. Nikakiinua, nikakinyoosha, kila jicho likakaa chini ya uzi wake. Nyuzi zenyewe zilikuwa na kutu. Uzi wenye kutu unatikisika kwa kusitasita na sinta inashindwa kuusoma. Nikafunga mpya. Nikapunguza usikivu wa kila uzi, maana Nurdini anapiga gitaa kama anayekung'uta zulia. Nikamweleza pia kwamba nyuzi nene zitachelewa kidogo: zinatikisika polepole, na sanduku linangoja mtikisiko ukamilike ndipo lijue ni sauti gani. Alitikisa kichwa kwa hekima. Hakuelewa hata neno.

Nyuzi tano zikakubali. Wa nne ukagoma.

Kila Nurdini alipougusa uzi wa nne, Kobelo wa ndani ya sanduku alipotewa na akili. Sauti ilikimbilia juu kabisa, ikajikwaa, ikarudi chini imechelewa, kama mtu aliyeulizwa jina lake akataja la shemeji yake. Nikaomba gitaa nikapiga mwenyewe. Yale yale. Nikafungua ramani ya mkono kwenye skrini. Mahali ambapo Kobelo alipiga uzi wa nne, sanduku lilidhani kapiga uzi wa kwanza, juu huko mwisho wa shingo, kwa kidole ambacho hakuna binadamu anacho.

Hapo nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa.

Kobelo hakuwa mpiga solo. Alikuwa mpiga gitaa la kati, lile linalokaa baina ya solo na rizim na kuwashika wote wawili. Wapigaji wa gitaa la kati wa rika lake walikuwa na mtindo wao: wanautoa uzi wa nne, mnene, wanautupa, wanafunga mwembamba mahali pake na kuupandisha oktavu nzima, ngazi nane juu. Ndiyo maana wakifika kwenye chemko, pale bendi inapokaza mwendo na watu wanaacha bia mezani, utadhani mtu mmoja kashika magitaa mawili. Mimi nilipiga besi nyuma yake miaka yote ya bendi, na uzi ule ulinikwaruza sikio kila wikiendi. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida kama chumvi kwenye mboga, hakuna aliyeona haja ya kulieleza. Mkonohai wakasikiliza rekodi, wakaamini gitaa ni gitaa, wakamsajili Kobelo mwenye uzi mnene. Mtu huyo hajawahi kuwepo duniani.

Na kwa kuwa hajawahi kuwepo, mlinzi hamjui Kobelo wa kweli. Ndiyo sababu kila Jumamosi mchana mzee yule bado anapiga kwenye baa moja ya Kihonda, na amplifaya haizimi. Wenye baa wanadhani mlinzi wao ni mbovu, na wamenyamaza.

Kurekebisha ilikuwa kazi ndogo. Nifunge uzi mwembamba, niiambie sinta kwamba wa nne uko juu, nimlete Kobelo aipigie kidogo ijifunze upya, niweke dole gumba langu kuthibitisha. Nurdini angepata alichokinunua, na Jumamosi inayofuata Kobelo angebaki anakuna mbao. Nisiporekebisha, Mkonohai wangenifutia leseni, na fundi asiye na leseni hapa mjini haruhusiwi kugusa hata betri ya redio.

"Umeliona tatizo, Mama?" Wende aliuliza.

"Bado," nilisema.

Nurdini akainama, akatikisa jeki.

*

Jumamosi mchana nilimkuta Kobelo Kihonda ameshamaliza kupiga, amekaa nje ya baa na kaunda suti yake ya rangi ya ugoro, anafuta nyuzi kwa kitambaa. Walevi wawili walikuwa wanacheza drafti karibu yake. Mzee alikuwa ametoka kupiga gitaa ambalo matajiri wanalinunulia sanduku, na wao walikuwa wanagombania kete.

"Shikamoo, Kaka Gaspa."

"Marahaba, Skola. Umenenepa."

"Na wewe umezeeka."

"Hilo linajulikana. Kaa."

Nikamweleza yote, habari ya ramani, uzi wa nne, mlinzi. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mmoja wa walevi akampigapiga mgongoni.

"Kwa hiyo hela zote zile, wamemnunua mtu mwingine?"

"Wamemnunua mtu ambaye hayupo."

"Na mimi napiga kwa sababu wamenikosea."

"Ndiyo. Kwa hiyo fumba mdomo. Najua wamekualika Jumapili. Nenda, kula pilau yao, vaa shada, piga picha, rudi nyumbani. Ukisema neno moja kuhusu uzi huo, umekwisha. Hutapiga hapa, hutapiga popote penye spika."

Kitambaa kikapita juu ya uzi wa nne, kikarudi.

"Ananipigaje?"

"Nani?"

"Huyo muuza mvua. Ananipigaje?"

"Vibaya."

"Vibaya kama Masimba wa bendi yetu alivyokuwa anapiga, au vibaya kabisa?"

"Kaka Gaspa, wewe unataka kupiga au unataka kusifiwa?"

"Wewe ulikuwa besi, Skola," alisema, kwa ile sauti ya huruma ambayo wapiga gitaa wote wanayo kwa watu wa besi. "Huwezi kuelewa."

Nimekuja kumwokoa, ananidharau. Niliondoka bila kumaliza soda yangu, na njia nzima nilikuwa namtukana kimoyomoyo.

*

Sinta ina kitufe kinaitwa Lainisha. Kiliwekwa kwa ajili ya watu wasio na aibu. Ukikibonyeza, sanduku likichanganyikiwa halirukiruki tena, linachagua sauti ya katikati isiyomuudhi mtu na kusonga mbele. Jioni hiyo nilirudi kwa Nurdini, nikafunga uzi wa nne mnene, mpya, nikaulainisha mpaka mwisho.

Nurdini akapiga. Ikatoka laini kama uji wa mgonjwa. Palikuwa na mtu fulani mpole mle ndani, anayefanana na Kobelo kwa mbali, mtu wa kupigwa kwenye lifti ya benki wakati wateja wanatazama viatu vyao.

"Sasa ndiyo yeye!" Nurdini alipaza sauti. Alikuwa amefumba macho na mabega yanamcheza. "Fundi, unasikia? Ndiyo Kobelo mwenyewe!"

"Tulisema mfumo hauna kosa," Wende alisema.

Nikaweka dole gumba kwenye kioo. Sinta ikaandika kwamba mkono uko sawa, nao wakanishukuru wote wawili. Niliwadharau sana siku ile, lakini dharau haikunikaa vizuri. Nilikuwa nimemdanganya mteja, na hilo sikujali. Nilikuwa nimemlinda rafiki, na hilo nilijivunia. Lakini pia nilikuwa nimetia dole kwamba Gaspari Kobelo, akipigwa ipasavyo, anasikika kama takataka ile. Rekodi za bendi Mkonohai walishazifungia zote. Watoto watakaokuja watasikia sanduku tu, na watasema kumbe mzee wenyewe alikuwa wa kawaida.

Nikajiambia kwamba mtu aliye hai ni bora kuliko jina lake. Bado nadhani nilikuwa sahihi.

*

Jumapili alasiri Nurdini aliisukuma mvua ikanyeshe Kihonda, ili bustani yake ibaki kavu. Bonanza likaanza chini ya anga safi kabisa. Wageni walikuwa wengi, wamepaka manukato ya kuua nzi, na bendi ya vijana wa kukodi ilikuwa inapiga huku inatazama sahani za wengine.

Kobelo alikaa mstari wa mbele na kaunda suti yake, shingoni shada la karatasi, gitaa lake mwenyewe mapajani. Walimwambia alilete kwa ajili ya picha. Mimi nilikuwa kando ya jukwaa na vyombo vyangu. Nilimkazia macho, akanikonyeza. Nikapumua.

Nurdini akapanda jukwaani na miwani ya jua. Alichagua "Niache Kidete", wimbo ambao bendi yetu ilimalizia nao kila dansi, kwa sababu baada ya chemko yake hakuna aliyebaki na nguvu za kucheza mwingine. Beti zikapita, si haba. Kisha chemko ikafika, vijana wakakaza mwendo, na kutoka kwenye spika kubwa za Nurdini ukatoka ule uji.

Wakapiga makofi. Sitawasamehe. Watu wazima wenye masikio mawili mawili walisimama wakapiga makofi.

Mama mmoja aliyekaa jirani na Kobelo akamwinamia, akasema kwa ukarimu wote, kwa sauti niliyoisikia hadi pale nilipokuwa: "Mzee, hongera. Kumbe ulikuwa unapiga taratibu hivi? Muziki mzuri sana wakati wa kulaza mtoto."

Nikaona shingo ya Kobelo inanyooka. Nikajua.

"Simamisheni!" alisema, na vijana wakasimama, maana wapigaji wa kukodi wanamtii yeyote anayepaza sauti. Kobelo alikuwa amesimama na shada limempinda begani. "Uzi wa nne ni mwembamba, wapumbavu nyie!"

Nurdini akamtazama Wende. Wende akanitazama mimi.

Nikashika maiki. "Mzee jua limemchosha. Naomba apewe maji."

"Nyamaza, Skola. Wewe unajua."

"Mama," Wende alisema polepole, "ulikuwa unajua?"

Kobelo alishaanza kupanda ngazi, gitaa begani. Akafika mbele yangu anahema, akaninyooshea gitaa lile lenye uzi wa nne mwembamba kama unywele.

"Nifungie kinasa chao."

Nikamvuta kando. "Kaka Gaspa, ukifanya hivi hutapiga tena. Hata Kihonda. Hata chumbani kwako."

"Nisipofanya, yule mama ndiye atakayewasimulia wajukuu zake mimi nilikuwa nani."

"Kwa hiyo ni majivuno tu."

"Ndiyo," alisema. "Ulidhani nilikuwa napigia nini?"

Nilimchukia. Nilihatarisha riziki yangu kwa ajili ya mzee huyu, naye anaitupa salama yake mbele ya walaji wa pilau wasiojua solo wala rizim. Tena nilimchukia zaidi kwa kuwa nilikuwa nimesikia kile alichosikia, na nilikuwa nimekitia dole.

Nikakitoa kinasa kwenye gitaa la Nurdini, nikakifunga kwenye lake. Nafasi ilikuwa unene wa sarafu. Gitaa lake nikalichomeka kwenye amplifaya ya akiba, sinta nikaiweka Jifunze. Wende hakuzuia. Alikuwa ameshaona kwamba kampuni yake itapata bure kile ilichoshindwa kukichambua, na uso ulimnawiri.

Kobelo akapiga chemko ya "Niache Kidete".

Sina maneno ya kitaalamu hapa. Uzi ule mwembamba uliingia juu ya wenzake, ukawachokoza, ukawakimbia, ukarudi kuwachokoza tena. Mpiga ngoma, kijana wa watu, akaanza kumfuata bila kuambiwa. Yule mama wa kulaza mtoto akasimama na mkono mdomoni. Bia zikaachwa mezani. Nurdini akavua miwani yake, na kwa mara ya kwanza nikaona mtu mle ndani, mtu aliyesikia tofauti na akaona haya.

Kwenye kioo cha sinta yakatokea maandishi: Mkono umeeleweka. Fundi athibitishe.

"Mama, dole," Wende alisema.

Sikulitoa mfukoni. Nilimtazama Kobelo, naye alikuwa ananitazama, vidole vikiendelea bila kumuuliza.

"Bonyeza," alisema.

"Maliza wimbo kwanza, Kaka Gaspa."

"Nikimaliza nitaogopa. Bonyeza sasa hivi."

Nikabonyeza.

Amplifaya ya akiba ikazimwa na mlinzi wake. Papo hapo sinta, kama ilivyo kawaida yake, ikarudia ilichojifunza ili mwenye mali ahakikishe, na spika kubwa za Nurdini zikajaa Kobelo. Alikuwa yeye kila kitu, mkwaruzo, kuchelewa kwake, uzi wa nne unakimbia juu ya wenzake. Wengi hawakujua kwamba kuna kilichobadilika. Wakaendelea kucheza.

Kobelo alisikiliza, kichwa ameinamisha, mkono umetulia juu ya nyuzi.

"Ndiyo," alisema. "Huyo sasa ni mimi."

Kisha, kama alivyozoea kumjibu mpiga solo enzi zetu, akatafuta mahali pa kuingilia, akajibu. Nilikuwa karibu naye, nikaona vidole vikienda sehemu ambayo sijawahi kuviona vikienda, kipande kipya ambacho hakimo kwenye rekodi yoyote. Kilichosikika ni kucha tu juu ya chuma.

Akaitazama amplifaya. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Halafu akainama, taratibu, kwa shida ya mgongo wake, akashika jeki, akaitikisa huku na huko.

"Skola," alisema bila kuinua uso, "hii jeki nadhani ina tatizo."

"Ndiyo, Kaka Gaspa," nilisema, na nikaenda kumletea waya mwingine.